Miguu ya Mumut

Watu wa Mirane hukata miguu ya mumut kabla ya kumpika. Sisi wa Dumun hatukati. Mtu angeniambia jambo hilo mapema, mwanangu Kaupa asingekaribia kukosa mke mchana kweupe, nguruwe wakiwa wameshaiva.

Mumut ndiye yule mnyama mchimbaji, mkubwa kama panya buku, mwenye pua ndefu iliyochongoka, anayekuachia vishimo kwenye shamba la viazi vitamu kana kwamba mtu amepita akichoma udongo kwa kidole. Hana ugomvi na viazi, anatafuta funza. Ila ukimwita panya mbele yangu tutagombana, kwa sababu panya hana kifuko cha kubebea watoto, na panya sijawahi kumpakulia mgeni. Mumut nikishamkausha moshini na kumfunga kwenye jani la ndizi pamoja na tangawizi, hata Padri huuliza kama amebaki. Na sehemu tamu kuliko zote ni miguu. Inakauka vizuri, unaitafuna taratibu huku unamsengenya mtu.

Siku hiyo tulikuwa tunampokea Skolastika, binti wa Mirane. Skolastika ni mwalimu wa sayansi kule mjini Kundiawa, na mwanangu ni mkulima wa kahawa asiyejua kumaliza sentensi. Nasema hivyo kwa upendo. Kaupa akianza neno, unaweza kwenda mtoni, ukachota maji, ukarudi ukalikuta bado liko njiani. Wasichana wengine walikuwa wakimkatiza. Skolastika peke yake ndiye niliyemkuta amekaa juu ya gunia la kahawa, anakula karanga, anangoja neno lifike. Lilipofika akacheka mpaka karanga zikamwagika. Nilimpenda hapo hapo, kabla mwanangu mwenyewe hajajua kwamba anampenda. Kwa hiyo mkiniona mkali katika habari hii, jueni nilikuwa naogopa.

Baba yake Skolastika alikwisha kufariki, hivyo msemaji wa upande wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Bomai. Ni mtu wa kifua na hotuba. Aliteremka mlimani na watu wake, manyoya ya ndege kichwani, saa mkono wa kushoto na saa mkono wa kulia, zote mbili mbovu. Nyuma yake alikuja mkewe Apolonia, mwanamke mwembamba asiyesema, shanga shingoni, mafuta yanang'aa mabegani, na miguuni gambuti nyeusi. Matope ya njia yetu nayajua, sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba alipofika kwenye majani makavu tuliyowatandikia, hakuzivua.

Kwetu ndoa haifungwi kwa mdomo, inafungwa kwa mikono. Wageni wanakula washibe, kisha mama wa kijana anapeleka beseni na birika kwa msemaji wa upande wa msichana. Akinawa, msichana ni wetu. Akiondoka na mikono yenye mafuta, msichana anaondoka naye, na hakuna anayemrudisha tena, hata watu walie namna gani. Nimeona mara moja tu nilipokuwa kigori. Yule msichana alizeekea kwa kaka yake, na yule kijana alihamia mjini akawa mlevi.

Basi mawe ya moto tuliyopikia yakatolewa shimoni, majani yakafunuliwa, watu wakala. Mzee Bomai alikula nguruwe kiasi cha heshima, akakutana na mumut wangu. Wa kwanza alimla kimya. Wa pili alimla amefumba macho, na miguu ya wote wawili ikabaki ndani ya majani.

"Mama Kaupa," aliniambia, "mnyama huyu hata kwetu yupo. Lakini kwetu hapikwi. Kwetu anaunguzwa tu, basi."

Apolonia alimtupia mumewe jicho la pembeni, akaendelea kula. Mimi nilivimba kwa sifa kama andazi. Nikamsogezea mumut wa tatu, mnene, nikamfungulia jani kwa mkono wangu mwenyewe. Kiherehere changu hicho ndicho kilichotaka kuniponza, maana alianza na mguu.

Aliuinua. Akautazama. Akausogeza karibu na pua, halafu mbali, kama mzee anayesoma bila miwani.

"Hii nini?"

"Mguu," akajibu Siune. Siune ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu, kwa sababu hatukuwa na mwingine. "Mnyama huwa nayo minne."

"Naona ni mguu. Nauliza hiki kidole."

Mguu wa nyuma wa mumut, kama hujawahi kuuangalia, una kituko. Vidole viwili vya upande wa ndani vimefungwa pamoja ndani ya ngozi moja, kama watoto wawili waliovalishwa soksi moja. Kucha tu ndizo zimeachana pale mwishoni, mbili ndogo, bega kwa bega. Anazitumia kuchania manyoya yake. Sisi tumekua tunaviona vidole hivyo, hatujawahi kuviuliza habari.

"Chanuo," alisema Bomai, na sauti yake haikuwa ya hotuba tena.

Hapo ndipo nikakumbuka. Watu wa Mirane hawali kapul, yule mnyama wa mitini mwenye manyoya mazito na mkia wa kujishikiza kwenye tawi. Bibi yao wa kwanza alipigwa na mumewe, akapanda mti na chanuo lake mkononi, akakataa kushuka. Huko juu akageuka kapul. Chanuo likashuka kwenye miguu ya nyuma, na mpaka leo kapul ana vidole viwili vilivyounganika. Mwenye chanuo ni bibi, ndivyo wanavyosema Mirane, na bibi haliwi.

"Nimemla bibi yangu," alisema Bomai. "Wawili, na wa tatu mkononi."

Watu wake walitema. Mmoja aliyekuwa amebakiza paja zuri aliliweka chini kwa huzuni.

Siune akaona saa yake ya kung'ara imefika. Alichukua kichwa cha mumut kutoka kwenye jani, akakibinua, akakifungua taya mbele ya watu.

"Mzee, usiharakishe kufiwa. Kapul hapa chini mbele ana meno mawili makubwa, kama patasi. Sasa angalia huyu. Vijino vidogo vidogo, safu nzima. Haya ni meno ya yule paka wa porini mwenye madoa, anayetumalizia kuku. Huyu ni mlanyama, ni ndugu yake paka. Bibi yako alikuwa na meno haya?"

"Unamtaja bibi yangu na huo mdomo wenye mafuta?"

"Mafuta si ya bibi yako, ndiyo nakwambia. Ni ya paka."

"Kwa hiyo mmenilisha paka?"

Siune alifunga taya ya mumut, na yake pia. Lakini mjadala ulikwisha kuwaka. Wengine walishika miguu, wengine walishika vichwa. Wa miguu walisema huyu ni kapul aliyeshuka mtini. Wa meno walisema huyu ni paka aliyeona haya. Kiwanja kizima kilikuwa kinachungulia vinywa na nyayo, na birika langu la maji lilikuwa linapoa mkononi.

"Baba mkubwa," alisema Skolastika.

Bibi harusi kwetu hasemi siku hiyo. Anakaa kando ya shimo la mawe, amepakwa mafuta, manyoya yanamwasha kichwani, anatazama chini. Watu waligeuka kumtazama kama vile jiwe limekohoa.

"Bibi harusi haongei," alisema Bomai.

"Asubuhi, mbele ya watu wote, ulisema umewaletea mwalimu uliyemsomesha kwa kahawa yako. Bibi harusi amenyamaza. Huyu ni mwalimu, na ungependa kahawa yako ifanye kazi."

Bomai alijidai anatafakari.

"Ugomvi huu si wenu peke yenu," Skolastika akaendelea. "Wataalamu wa wanyama wamegombana hivi hivi, tena kwa miaka mingi. Wakitazama miguu, wanasema huyu ni wa nyumba ya kapul na kangaruu, maana wote hao wana chanuo. Wakitazama meno, wanasema ni wa nyumba ya hao mnaowaita paka wenye madoa, ambao nao wana kifuko. Kila upande una ushahidi mkononi, kama baba mkubwa na mzee Siune."

Siune alijinyoosha. Hajawahi kuitwa mtaalamu.

"Na kifuko chake kimegeuka. Mdomo wake unatazama nyuma."

"Ana akili," alisema mwanamke mmoja wa kwetu. "Anachimba siku nzima. Kingetazama mbele mtoto angekula udongo."

"Ndiyo hivyo. Na mimba yake, wale waliochunguzwa Australia, haifiki hata wiki mbili."

Wanawake wa pande zote mbili waliguna kwa pamoja. Hilo halikuwa suala la ukoo, lilikuwa suala la wivu.

"Jina lake la Kiingereza lenyewe limekopwa kwa Wahindi," Skolastika akasema. "Kwao maana yake ni panya-nguruwe."

"Nguruwe?" Siune akadakia. "Basi tuhesabu upya. Tumetoa nguruwe kumi na wawili, na mumut ishirini. Mirane mnatudai nini tena? Sisi ndio tunawadai."

Watu wetu walicheka. Watu wa Mirane hawakucheka, na mimi nilimkanyaga Siune mguu kwa kisigino.

"Sasa mwisho wake nini?" Bomai aliuliza. "Hao wataalamu wakampa nani?"

"Hawakumpa mtu. Walimpima mpaka damu, wakamtoa kwa kapul, wakamtoa kwa paka, wakampa nyumba yake mwenyewe. Jirani yake wa karibu ni nani, mpaka leo wanavutana. Na kidole kile, wapo wanaosema kinaweza kuwa kimetokea mara mbili, kwenye nyumba mbili zisizojuana."

Nilidhani tumepona. Lakini Bomai ni mtu aliyezoea kumaliza hotuba zake, na hii alikuwa hajaimaliza. Alisimama, mikono miwili juu, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye zile saa mbovu.

"Mwanangu, umesema vizuri, na kahawa yangu haikupotea. Lakini wataalamu hawana bibi mtini. Mimi ninaye. Bibi yangu ana chanuo, na kila mwenye chanuo ni damu yangu, awe juu ya mti awe chini ya udongo. Nimekula damu yangu kwenye jani la Dumun. Inuka. Tunavuka mto."

Skolastika hakuinuka. Nilimwona anamtazama Kaupa, na Kaupa amefungua mdomo.

"Mzee," alisema mwanangu. "Mimi..."

Niliwaona Mirane wanatazamana. Siune alitaka kumsaidia, nikamkanyaga tena. Skolastika alikuwa amekaa vile vile alivyokaa juu ya gunia, anangoja.

"Mimi ndiye niliyewatega hao mumut," Kaupa alisema mwishowe. "Mama hahusiki, wala Skolastika. Kama kuna kosa, nilipishe mimi. Yeye mwache akae."

Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na nililia bila kujificha. Hata Bomai aliteremsha mikono. Lakini aliyekwisha kusimama mbele ya watu, kukaa humwia kazi.

"Umesema kiume," alijibu. "Ila kosa la damu halina mlipaji."

Akapiga hatua moja kuelekea njiani. Watu wake wakaanza kuokota mikoba yao.

"Baba Tekla," alisema Apolonia. "Kaa chini."

Sauti yake nilikuwa siijui. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayemwita kuku aingie bandani. Bomai aligeuka.

"Umesema mumut wangu anaunguzwa tu," alisema Apolonia. "Sawa, hilo tutaliongea nyumbani. Lakini umewahi kuona mguu wake kwenye sahani yako?"

Bomai alifikiri. "Sijawahi."

"Kwa nini?"

"Ninyi mnakata. Mnawapa mbwa."

"Mama yako ndiye aliyenifundisha kukata, wiki ile uliyonioa. Nikamuuliza, mama mkwe, kwa nini tunatupa utamu? Akasema, mwanangu, mwanamume akiona mguu huu ataacha kula ataanza kusema."

Nani alianza kucheka sijui, ila walikuwa wanawake wa Mirane, tena wale wazee. Walicheka wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Kumbe wote walijua. Bibi zao walijua, mama zao walijua, na vizazi na vizazi vya wanaume wa Mirane vimekula mumut vikajipangusa midomo kwa amani.

Bomai hakucheka. Uso wake ulikuwa umeanguka.

"Kwa hiyo nimemla bibi maisha yangu yote," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwonea huruma. Haikuwa hotuba. Alikuwa mzee aliyeambiwa jambo baya juu ya kila mlo aliowahi kupewa na mama yake.

Apolonia aliinama, akashika gambuti ya kulia, akaivuta. Iling'ang'ania, ikatoka kwa mlio wa matope. Akasogea mpaka kwenye jani alipolala yule mumut wa tatu, akaweka mguu wake pembeni ya ule wa mnyama, ubavu kwa ubavu, ili kila mtu aone.

Kidole chake cha pili na cha tatu vilikuwa vimeungana ndani ya ngozi moja. Kucha mbili zilikuwa zimekaa bega kwa bega.

Hapakuwa na wa kucheka. Hata Siune, ambaye hucheka msibani.

"Kila mwenye chanuo ni damu yako," alisema Apolonia. "Umesema mbele ya watu. Basi nimekuzalia watoto watano, Baba Tekla. Waambie watu mimi ni nani wako."

Bomai alitazama ule mguu. Nilidhani ameduwaa kwa sababu hakuwahi kuuona, halafu nikaelewa kwamba ni kinyume chake. Aliujua kuliko mtu yeyote pale.

"Mama Tekla," alisema kwa sauti ndogo. "Vaa kiatu."

"Nitavaa. Siku ile mtoni, kabla hujanioa, uliponiona navuka, ulikimbia. Ulikaa wiki nzima hujaja kwetu. Nikajua ni mguu. Tangu hapo nauficha kwa watu, ila kwako sikuuficha, kwa sababu ulirudi. Ulirudi umetoka kwa baba yako. Baba yako alikwambia nini?"

Bomai alianza kufuta mafuta kwenye saa yake.

"Sema. Kila siku unapenda kusema."

"Aliniuliza," Bomai akaanza, akasita, na nakwambieni alikuwa mzito wa maneno kuliko mwanangu. "Aliniuliza, huyo binti amelelewa na nani? Nikamwambia, na watu wa Kumbo, ng'ambo ya mto. Akauliza, amekula viazi vya shamba la nani? Nikasema, la kwao. Akasema, basi ni wa kwao. Akasema ukoo hauko kwenye kidole. Ukoo uko kwenye kiazi."

"Na leo ni viazi vya nani hivi?"

Alitazama chini. Mbele yake kulikuwa na viazi vya shamba langu, vyenye majivu bado, ameshavila nusu. Skolastika naye alikuwa na kimoja mkononi, cha shamba hilo hilo. Nilimpa mwenyewe asubuhi, kabla hata hawajaanza hotuba, kwa sababu nilimwona ana njaa.

Bomai akakaa. Alikaa polepole, magoti yanalia, akakunjua mikono yake mbele, viganja juu, bila kumtazama mtu. Mimi nilikuwa nimesimama kama mti. Ikabidi Apolonia anisukume kiunoni ndipo nikakumbuka kwamba birika ninalo mimi.

Nilimmiminia. Nilimlowesha mpaka kwenye saa, na hakulalamika. Aliosha kidole kimoja kimoja, taratibu, mafuta yakatanda juu ya maji kwenye beseni. Nyuma yangu nilisikia Kaupa ameanza neno, na sikugeuka, kwa sababu yupo wa kulingoja.

Bomai alikung'uta mikono. Akatazama lile jani, mguu wa mumut na mguu wa mkewe bado imelala pamoja. Akavuta pumzi ya mtu aliyeshiba nusu.

"Mama Kaupa," alisema, "hiyo miguu ndiyo sehemu tamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Miaka yote hii mbwa wanakula." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye jani.

Apolonia akauvuta mguu wake haraka, akauingiza kwenye gambuti.

"Chukua ule mdogo," alimwambia.